Mtoto Aliyeambiwa Hana Umakini: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Walukuba, Jinja

Katika wiki ya tatu ya muhula wa kwanza wa mwaka 2025, mama mmoja wa mtaa wa Walukuba mjini Jinja alinijia jioni akiwa na mfuko wa kaveera wenye vitu vitatu: daftari la hesabu la mwanawe, barua fupi ya mwalimu wa darasa, na chupa ya kapsuli za mlonge aliyoinunua kwa shilingi 45,000 kutoka kwa mchuuzi aliyempata ndani ya basi la Kampala. Barua ilisema kwamba mtoto hatulii, hamalizi kazi, na akili yake haipo darasani hata anapokuwa ameketi kimya. Mchuuzi alikuwa ameahidi kwamba chupa moja ingetosha “kufungua ubongo”. Chupa ilikuwa imekwisha nusu, ubongo haujafunguka, na mama alitaka kujua kama anunue ya pili.

Nilifundisha shule za msingi kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na ninaishi nyumba chache kutoka kwao. Familia imeniruhusu kukieleza kisa hiki. Majina yao na jina la shule nimeyaacha kwa makusudi. Ninakiandika kwa sababu wazazi wengi huniuliza swali lile lile la mama huyu, yaani nimpe mtoto nini ili atulie asome. Swali hilo limekaa upande. Katika kisa hiki, karibu kila kilichosaidia kilitokana na kutafuta ni kitu gani kilichokuwa kikimwondolea mtoto umakini ambao tayari alikuwa nao.

Mtoto mwenyewe

Alikuwa na umri wa miaka 11, darasa la tano, uzito wa kilo 27. Baba yake ni mtu wa Tororo, mlinzi wa usiku katika ghala moja la mjini. Mama yake ni Mnubi aliyezaliwa Bombo, na huuza mukene, yaani dagaa wa ziwani, waliokaushwa, karibu na mwalo wa Masese. Pamoja nao wanaishi dada yake wa kidato cha pili, mdogo wake wa miaka 5, na bibi mzaa mama ambaye watoto humwita haboba, kwa Kinubi. Kwa kuwa baba na mama hawana lugha moja ya kabila, nyumbani husemwa Kiswahili, jambo la kawaida katika Walukuba, mtaa uliojengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya wafanyakazi waliotoka kila pembe ya nchi na hata nje yake. Barabarani na wenzake mtoto husema Lusoga. Darasani, tangu darasa la nne, kila kitu ni Kiingereza.

Jambo la pili katika historia yake ni tarehe. Alianza darasa la kwanza mwaka 2020, wiki chache tu kabla ya shule zote za Uganda kufungwa mwezi Machi kwa ajili ya korona. Zilipofunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, wanafunzi walipandishwa darasa, na yeye akaingia la pili akiwa amekaa la kwanza kwa muda usiotosha hata kuzijua herufi vizuri. Watoto wa kundi lake wapo wengi sana katika shule zetu, na wengi wao wanaandikiwa barua kama ile iliyokuwa ndani ya kaveera.

Wiki moja ya kuandika bila kubadilisha

Nilimwomba mama asibadilishe kitu chochote kwa siku saba. Dada mtu, ambaye ana mwandiko mzuri na hasira ya kupenda usahihi, alipewa kitabu cha kaunta na kuagizwa aandike saa ambayo ndugu yake amelala na saa aliyoamka, alichokula na alichokunywa, mahali alipoketi kusoma, na lolote lisilo la kawaida. Nilimwagiza asiandike maneno kama “mvivu” au “mkaidi”, bali kile tu alichokiona kwa macho.

Kitabu kilirudi kimejaa. Kwa wastani mtoto alilala saa nne na dakika 40 usiku na kuamshwa saa kumi na moja kasoro dakika 10 alfajiri, kwa sababu shule hutaka watoto wawe wamefika saa kumi na mbili na nusu na yeye hutembea kwa miguu baada ya kuchota maji. Hiyo ni saa sita na dakika 10 za usingizi. Madaktari wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12. Mtoto huyu alikuwa na deni la karibu saa tatu kila usiku, siku tano kwa wiki, na bado tulikuwa tukimlaumu kwa kupiga miayo katika somo la asubuhi.

Asubuhi alikunywa chai ya rangi yenye vijiko vinne au vitano vya sukari, pamoja na mandazi moja siku ambazo yalikuwapo. Mchana shuleni ni posho, yaani ugali, na maharage. Usiku ni posho au mihogo, na mboga, na tena chai. Mukene, ambao mama yake huwauza kwa magunia, walionekana katika chakula cha nyumbani mara moja tu katika siku saba. Nilipouliza sababu, mama alicheka kwa aibu akasema kwamba wale ni biashara, na tena watoto wamezoea kuwaona kuwa chakula cha kuku.

Siku ya tano dada mtu aliandika hivi: “Amekwangua udongo wa ukutani kwa kijiti akaula. Nimemkataza. Amesema huwa anafanya hivyo.” Mstari huo mmoja ulibadilisha mwelekeo wa kazi yetu, nami nitaurudia.

Jioni ya sita nilikwenda mwenyewe kukaa naye. Alisomea kwenye baraza, juu ya benchi la mbao, uso ukielekea barabara, na daftari likiwa juu ya mapaja. Ng'ambo ya barabara kuna steji ya bodaboda, na nyuma ya steji kuna kibanda cha video ambacho filamu zake hutafsiriwa kwa sauti kubwa na mtu anayezijaza mizaha yake. Alikuwa na hesabu nane za sehemu. Nilitazama saa. Katika dakika 40 aliinua kichwa mara 19 na kumaliza hesabu mbili. Lakini nilikuwa nimejiwekea alama upande wa pili wa karatasi: katika mara hizo 19, mara 11 na mimi niliinua kichwa pamoja naye, kwa sababu ya honi, au mlipuko wa filamu, au wateja wawili wa boda waliokuwa wakigombania nauli. Nina umri wa miaka 64 na sikuwa na hesabu za kufanya.

Mara nane zilizobaki hazikuwa na kelele yoyote. Macho yaliinuka tu, yakakaa hewani, kisha yakarudi kwenye daftari mahali pasipo penyewe. Uchovu au jambo fulani la mwili huonekana hivyo. Lazima nikiri kwamba katika miaka yangu ya darasani nimewasimamisha watoto wengi ukutani kwa macho ya namna hiyo, na wengine niliwachapa, kabla sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 haijapiga marufuku viboko shuleni. Sikuwahi hata mara moja kumuuliza mtoto kama alilala au kama amekula.

Mwili kwanza

Kula udongo, kwa mtoto wa umri huo, ni dalili inayofahamika ya upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe unaweza kumwongezea minyoo. Nilimshauri mama aende kituo cha afya kabla ya kubadilisha jambo jingine lolote, na asiende kuomba dawa ya akili bali vipimo viwili: damu na choo kikubwa. Alisita, kwa sababu mtoto hakuwa mgonjwa. Alikuwa akicheza mpira na hana homa. Watoto wenye upungufu wa damu unaokuja polepole huuzoea. Hawalalamiki, kwa kuwa hawakumbuki hali nyingine.

Kiwango cha damu kilikuwa gramu 9.8 kwa desilita. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 11 ana upungufu akiwa chini ya 11.5. Katika choo yalipatikana mayai ya kichocho cha tumbo, jambo lisilomshangaza yeyote anayeijua Masese, ambako watoto huogelea pale pale ambapo konokono wanaobeba vijidudu hivyo huishi. Alipewa praziquantel, dawa ya kichocho, vidonge viwili kwa kipimo cha urefu wake, baada ya kula. Kidonge cha albendazole cha minyoo. Na vidonge vya madini ya chuma vya miezi mitatu. Dawa za minyoo hutolewa pia shuleni katika siku za afya ya mtoto mwezi Aprili na Oktoba, lakini Oktoba iliyotangulia yeye alikuwa Tororo kwenye msiba wa upande wa baba.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu wasomaji wanaopenda njia za asili huweza kuliruka. Mimi pia ninapenda njia za asili, na sehemu iliyobaki ya maandishi haya ni juu yake. Lakini mchicha haumtoi mnyoo, na mlonge hauui kichocho. Majani ya mlonge ni mboga nzuri, na mtu akiwa na mti uani kwake na auchume. Kapsuli za shilingi 45,000 zilikuwa ni mboga hiyo hiyo kwa kiasi cha kijiko, pamoja na maneno ya mchuuzi.

Kilichobadilika nyumbani katika upande wa chakula kilikuwa kidogo na cha bei nafuu. Chai iliondolewa kwenye mlo, ikasogezwa saa moja mbele au nyuma, kwa maana majani ya chai hushikana na chuma kilichomo katika maharage na mboga na kukizuia kisiingie mwilini. Mahali pake kwenye mlo palichukuliwa na tunda lenye uchachu au vitamini C: chungwa, pera, kipande cha papai, au nyanya mbichi kachumbarini siku ambazo hakuna tunda, kwa sababu hizo hufanya kinyume cha chai. Asubuhi uji wa ulezi uliokorogwa na njugu zilizosagwa ulichukua nafasi ya chai na mandazi. Mukene walisagwa unga, wakatiwa kijiko kimoja katika mchuzi wa maharage na katika dodo, yaani mchicha, bila kutangazwa. Wiki mbili zilipita kabla mtoto hajagundua, na alipogundua alisema tu kwamba siku hizi maharage yana harufu ya kazini kwa mama.

Kuhusu sukari, mama alikuwa na imani, na huku kwenye miwa na viwanda vya sukari imani hiyo ni kubwa, kwamba sukari ndiyo inayompandisha mtoto wazimu. Hapo tulitofautiana. Watafiti wa Marekani katika miaka ya 1990 waliwapa watoto sukari au kitu kitamu kisicho sukari bila wazazi kujua ni kipi, na hawakuona tofauti katika utulivu wao. Kilichoonekana ni kwamba mzazi aliyeambiwa mwanawe amekula sukari alimwona mkorofi zaidi, hata kama hakuila. Vijiko vitano vya sukari vilikuwa na kosa jingine: vilimshibisha kwa dakika 40, kisha vikamwacha na tumbo tupu mpaka saa saba mchana.

Kisha kulikuwa na suala la kuogelea. Kumkataza mtoto wa Masese asiingie ziwani ni kumfundisha kuingia kwa siri. Tulikubaliana kwamba maji ya ziwa yanayoletwa kwa jerikeni yalale nyumbani siku mbili kabla ya kuogewa, maana vijidudu vya kichocho hufa katika muda huo visipompata mtu, na kwamba mpira uwe wa uwanjani. Jambo la mpira lilikuwa na ugumu wake. Mama alikuwa ameufuta tangu Januari kama adhabu ya alama mbaya. Nilimwomba aurudishe, saa nzima kila jioni, kabla ya vitabu. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate dakika 60 za kutoka jasho kila siku, na kwa maoni yangu hakuna adhabu iliyopangwa vibaya kuliko kumfungia ndani mtoto asiyetulia ili atulie.

Saa, mwanga na ukuta

Usingizi ulikuwa mgumu kuliko chakula. Baba hutoka kazini alfajiri na hulala mchana. Mama hurudi kutoka sokoni saa mbili usiku. Chakula kilikuwa kikiiva saa tatu. Kujisomea kulianza baada ya chakula. Na yuniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, zikiisha, kusoma kuliendelea kwa kibatari. Kila mtu alikuwa akifanya alichoweza, na mtoto alikuwa akilala saa tano kasoro.

Tuligeuza mpangilio kichwa chini. Jinja jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, kwa hiyo mwanga wa jioni ni wa kutegemewa kuliko mita ya umeme, ingawa tunaishi karibu na bwawa lililozinduliwa mwaka 1954. Mpira ukawa saa kumi hadi saa kumi na moja, kisha kuoga na kipande cha muhogo au ndizi, kisha vitabu kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi giza lianze kuingia. Maharage yalilowekwa tangu usiku uliotangulia ili yaive haraka, na dada mtu akapika mapema. Maji ya asubuhi yalichotwa jioni. Kufikia wiki ya nne mtoto alikuwa akilala saa tatu kasoro na kuamka saa kumi na moja na nusu: karibu saa tisa, ingawa chini kabisa ya kipimo.

Benchi lilihamishwa kutoka barazani hadi nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, likaelekezwa ukutani. Dirisha lenye kutazama barabara ni zuri kwa mtu mzima anayetaka hewa. Kwa mtoto huyu ukuta mtupu ulikuwa bora. Kigoda kiliwekwa mbele yake kama meza, kwa sababu daftari lililo juu ya mapaja humfanya mtoto ashike kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine, na nusu ya nguvu zake huishia kwenye kuzuia daftari lisianguke. Sauti ya kibanda ilifuata hadi huko nyuma. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, alizungumza na mwenye kibanda, naye akakubali kugeuza spika zielekee upande wa steji, ila kuhusu saa ya kufunga hakutaka hata kusikia. Tulishukuru kwa spika.

Jaribio moja lilishindwa vibaya. Niliwahi kusoma kuhusu kugawa muda wa kusoma katika vipindi vifupi kwa saa ya kengele, nikaweka kengele ya dakika 25 kwenye simu ya dada yake. Mtoto aliitazama simu mara nyingi kuliko alivyoitazama barabara. Siku ya tatu tuliiondoa, tukaweka kipimo cha kazi badala ya kipimo cha muda: hesabu tatu, kisha unasimama, unakunywa maji, unaupiga mwembe teke ukitaka, unarudi. Simu ililala chumbani mwa haboba, chini ya mto, na hadi leo inalala huko wakati wa vitabu.

Haboba na nyuki

Kufikia mwisho wa mwezi wa pili mwili ulikuwa umetulia. Udongo ulikuwa umeachwa, miayo imepungua, na kuinua kichwa kulishuka hadi mara sita au saba katika dakika 40. Hata hivyo, alama za sayansi hazikusogea. Alikuwa akisoma ukurasa mzima kwa utulivu, midomo ikicheza, na ukimuuliza umesema nini, hana jibu. Mwalimu angeendelea kuandika kwamba akili haipo. Nilimwambia mtoto aniletee ukurasa aliousoma.

Somo lilikuwa la ufugaji wa nyuki. Kitabu kilieleza kwa Kiingereza nyuki malkia, nyuki vibarua, na nyuki dume, ambaye kwa Kiingereza huitwa “drone”. Nilimuuliza “drone” ni nini. Akajibu bila kusita: ni ndege isiyo na rubani inayorusha mabomu, ameiona kibandani. Kwa hiyo alikuwa amesoma, mara tatu kwa hesabu yake, kwamba ndani ya mzinga mmoja huishi malkia, maelfu ya vibarua na ndege za vita, na kwamba ndege hizo hazina miba na hufukuzwa chakula kikipungua. Alikuwa ameusoma ukurasa kwa uangalifu kamili, maana yake ikampita kando.

Ninaamini hapa ndipo ulipokuwa moyo wa kisa, na ndipo watoto wengi wa mitaa yetu wanapopotea. Mtoto aliyekosa darasa la kwanza, anayesema Kiswahili kwa mama yake na Lusoga barabarani, hupewa kurasa za lugha ya tatu na kutakiwa azimakinikie. Macho yanaweza kulazimishwa kukaa juu ya karatasi. Fikra haikai mahali ambapo hakuna maana ya kushikilia, na inapoondoka tunaita hali hiyo utovu wa umakini.

Suluhisho lilitoka kwa haboba, ambaye hakusoma hata siku moja. Jioni hiyo alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, akatusikia tukicheka habari ya nyuki wenye mabomu, akataka aelezwe. Mtoto alimweleza kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza akijua anachokisema, kwamba dume hana mwiba, hachoti chochote, kazi yake ni moja tu kwa malkia, na wakati wa njaa vibarua humtoa nje. Haboba akaacha ungo. “Basi mjukuu wangu,” akasema, “hao nyuki wana akili kuliko wanawake wa hapa Walukuba.” Kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwa nalo tayari: kama madume wote wamefukuzwa, malkia wa mwaka unaofuata atapata wapi mume? Mtoto hakujua. Alirudi kitabuni kutafuta, mwenyewe, bila kuagizwa, akasimama pale akisoma huku giza likiingia. (Jibu ni kwamba mzinga hulea madume wapya chakula kinapoongezeka, kitabu chake hakikuwa nalo, ikabidi aulizie shuleni.)

Tangu jioni hiyo utaratibu ukawa mmoja. Anasoma kipande kifupi, anafunga kitabu, anamweleza haboba kwa Kiswahili yaliyomo, haboba anauliza, kisha mtoto anayaandika kwa Kiingereza chake mwenyewe mistari mitatu bila kutazama. Dada mtu hurekebisha Kiingereza. Wanaochunguza kumbukumbu wamekwisha kuonyesha kwa majaribio mengi kwamba kujikumbusha jambo bila kutazama kitabu hulikaza akilini kuliko kulisoma tena na tena, na tangu Ebbinghaus, Mjerumani aliyechapisha majaribio yake mwaka 1885, inajulikana kwamba marudio yaliyoachana kwa siku hudumu kuliko yaliyorundikwa usiku mmoja. Haboba hakuyahitaji majaribio hayo. Alitaka tu hadithi, na kesho yake alitaka akumbushwe walipoishia.

Ubora wa njia hii, ukilinganisha na mwalimu wa kulipwa wa jioni, ni kwamba haboba kweli hajui. Mtoto hujua kwa haraka sana ni nani anayemuuliza ili kumpima na ni nani anayeuliza kwa kuwa anataka kujua, na mbele ya huyu wa pili hukaa wima.

Kilichoonekana mwishoni mwa mwaka

Miezi mitatu baada ya matibabu damu ilikuwa 11.7. Alama za sayansi zilipanda kutoka 38 katika muhula wa kwanza hadi 67 katika wa tatu. Hesabu kutoka 31 hadi 52. Kiingereza kutoka 40 hadi 46 tu, kwa kuwa lugha haifunguki kwa mwaka mmoja. Mwalimu wa darasa aliandika kwamba mtoto “ametulia”, bila kuuliza kilichotokea.

Siwezi kusema kwa hakika ni kipi kilichofanya kazi kubwa zaidi, kwa sababu mambo mengi yalibadilika kwa pamoja, na huyu ni mtoto mmoja. Kitabu cha kaunta kinatoa dokezo moja. Mwezi Juni haboba alisafiri kwenda Bombo kwa Idi akakaa siku tisa. Mtoto aliendelea kulala na kula vilevile, mpira ukaendelea, benchi halikuhama. Lakini dada mtu aliandika jioni nne kati ya hizo kwamba amemaliza kusoma “na hakumbuki kitu”. Haboba aliporudi, jambo hilo halikuandikwa tena. Kwa upande mwingine, nina hakika kwamba kama tungeanza na haboba mwezi wa Februari, na damu ikiwa 9.8 na usingizi wa saa sita, mtoto angesinzia mbele yake na tungesema kwamba hata bibi ameshindwa.

Kuna mambo yaliyobaki. Hesabu za sehemu bado humtoa nje ya ukuta, macho yakipaa kama zamani, na nadhani pale bado kuna shimo la darasa la tatu ambalo halijafukiwa. Ziwani ameingia angalau mara mbili, tunajua kwa nywele. Atapimwa choo tena.

Kubwa zaidi lilikuja Novemba. Shule ilituma taarifa kwamba watakaokuwa darasa la sita mwaka 2026 wataanza kufika saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa masomo ya ziada, kwa kuwa mtihani wa kumaliza darasa la saba unakaribia na shule inataka daraja la kwanza nyingi. Hesabu yake ni rahisi: mtoto atalazimika kuamka saa kumi na nusu. Mama alitaka nimsindikize akagombane. Badala yake alichukua kitabu cha kaunta, akaweka alama kwenye wiki ya kwanza na wiki ya mwisho, akaenda nacho peke yake kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alikisoma akiwa amesimama, kisha akaketi, kisha akaomba akae nacho mpaka Jumatatu. Jumatatu tatu zimepita. Kitabu hakijarudi, jibu halijatoka, na dada mtu amekwisha kununua kaunta nyingine, ameandika jina la ndugu yake juu, na chini yake ameacha mstari mtupu wa saa ya kuamka.